Salamu Iliyokosa wa Kuianza

Nakumbuka alasiri moja pale Igoma, mwanangu, mgeni wetu mkubwa kuliko wote alipoingia uani akasimama, na wanawake wa kwetu nao wakasimama, na hakuna aliyefungua kinywa. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumemngoja tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa umefagiwa, maharage yameiva, pombe ya ndizi imechujwa, na ndizi zenyewe mama alizitafuta mpaka Kirumba kwa sababu alishikilia kwamba za jirani hazina ladha. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sisi.

Mgeni huyo alikuwa shangazi yangu Kanyange, dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye jicho la kumfanya mtu akumbuke kwamba hajaosha miguu. Aliishi ng'ambo, upande wa Busisi, na alikuja kwetu kwa kivuko cha Kigongo kila kulipokuwa na jambo. Siku hizi lipo daraja, watu wanapita bila hata kuyatazama maji. Wakati ule kumtembelea ndugu kulikuwa ni safari, na mtu akishafika ulijua kwamba amekutaka.

Kabla sijaendelea nikueleze sisi ni akina nani, maana wewe, mjukuu wangu, umezaliwa hapa mjini, na ukiulizwa kabila unajibu kufuatana na unavyojisikia siku hiyo. Mimi nilizaliwa Burundi. Nilivuka Mto Malagarasi nikiwa mtoto, nimeshika pindo la kitenge cha mama, mwaka ambao watu wa kwetu walikuwa wakikimbia kuuawa. Tulikaa kwanza kwenye makazi ya wakimbizi huko Tabora, msitu mtupu, tukaung'oa visiki kwa mikono. Baadaye baba, ambaye alikuwa fundi mwashi, alipata kibali cha kuja Mwanza kujenga, na mji huu una mawe ya kumtosha fundi mpaka azeeke. Familia chache za kwetu zilitufuata, tukakaa karibu karibu pale Igoma. Wakati huo ilikuwa mihogo na mbuzi. Ukiiona leo na karakana zake za kuchomelea mageti, huwezi kuamini.

Majirani walitupokea vizuri, wengi wao Wasukuma, watu wasio na haraka ya kumchukia mtu. Lakini baba alikuwa amekimbia mara moja na hakutaka watoto wake wajulikane kwa mbali. Alitukataza kuongea Kirundi barabarani. Ngoma hatukuwa nazo, ng'ombe tuliwaacha, na kilima chetu sikijui mpaka leo isipokuwa kwa kusimuliwa. Kitu kimoja tu kilivuka nasi kikiwa kizima, kwa sababu hakikuhitaji kubebwa. Hicho kilikuwa salamu ya wanawake. Sisi tunaiita akazehe.

Umeisikia, najua, lakini hujaitazama vizuri. Wanawake wawili wanasimama uso kwa uso, wanashikana mikono juu kidogo ya viwiko. Mmoja anaanza kuimba kwa sauti ya juu, maneno mafupi mafupi yenye mapengo kati yake. Wa pili anapokea, anaitia sauti yake ndani ya yale mapengo, tena na tena, haraka, mpaka anayesikiliza hawezi kujua sauti ipi ni ya nani. Anayeanza ndiye anayeuliza habari: za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za waliokufa. Anayepokea kazi yake ni kuonyesha kwamba yupo. Wanaume hawaiimbi. Baba alikuwa akiisikia anaacha nyundo chini, anatulia mpaka iishe, kisha anaendelea na jiwe lake.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wenye adabu. Katika ukoo wetu anayeanza ni mwanamke mkubwa, mdogo hupokea. Binti hufundishwa kupokea tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Kuanza hafundishwi na mtu. Kuanza mbele ya mkubwa wako ni kama kumwambia kwamba umeshamzika. Kule kwetu jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu kila kilima kilikuwa na wanawake wakubwa wa kutosha, akiondoka mmoja anayemfuata anashika nafasi. Lakini sisi wa Igoma hatukuvuka na wakubwa wengi. Wengine walibaki nyuma, na wengine walibaki njiani, mwanangu, na hao sitawasimulia leo. Mama yangu alipovuka alikuwa bado ni mtu wa kupokea. Mama Jeremia, jirani yetu mjane, vivyo hivyo. Aliyevuka akiwa mwanzishaji alikuwa mmoja tu, shangazi Kanyange.

Miaka ikaenda. Wasichana wa kwetu tukakua tukijua kupokea, wote, na kwa ufundi kabisa. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa kuanza. Shangazi akiinua sauti uani, sisi tulimiminika ndani yake vizuri mpaka Wasukuma wa watu wanasimama njiani. Akiondoka, tulinyamaza mpaka arudi. Kila mmoja wetu alijua kwamba siku yule mama akifa, salamu ile itakufa naye, na sisi tutabaki na majibu ya swali ambalo hakuna wa kuliuliza. Tulilijua, na hatukulisema. Tuliona kulisema ni kumtakia kifo.

Alasiri ile alikuja kwa sababu dada yangu Spes alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Shangazi aliingia kwenye ua wa minyaa, akaweka kikapu chini, akainua mikono yake kama kawaida. Mama akasogea, akashika viwiko vyake, akangoja. Shangazi hakuimba. Alimtazama mama, kisha akamtazama Mama Jeremia, kisha sisi wasichana mmoja mmoja. Kuku walipita katikati yetu. Jirani yetu wa Kisukuma, mama yake rafiki yangu Kabula, aliuona ule ukimya kutoka kwake akadhani tumeletewa habari ya msiba. Alikuja mbio akiwa ameshajifunga kanga kiunoni, tayari kutusaidia kulia.

Mama ndiye aliyeshindwa kwanza. Akasema kwa upole, "Wifi, tunakungoja."

"Fanyeni mimi nimekufa," shangazi alisema. "Haya. Aanze mwingine."

Ungeona nyuso. Mama alitoa mikono yake kama aliyegusa sufuria la moto. Kutaja kifo chako mwenyewe kwenye nyumba yenye kichanga si mzaha kwetu, na Mama Jeremia alikimbilia ndani akamfunika mtoto masikio, mtoto ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Shangazi hakujali. Alivuta kigoda akaketi katikati ya uwanja, akakunja mikono. Mama alipomletea kibuyu cha pombe alikisukuma pembeni kwa kidole. Mgeni ambaye hajasalimiwa hali wala hanywi kwenye nyumba hiyo, na hilo hakuna mtu wa kwetu asiyelijua. Akaketi hivyo na njaa yake ya tangu alfajiri, na harufu ya maharage ikimpitia puani.

Jikoni kukawa na mkutano. Mama alisema anayefuata kwa umri ni Mama Jeremia, basi yeye ndiye aanze. Mama Jeremia akasema yeye si wa ukoo huu, atamwanzia vipi mtu wa watu? Akamrudishia mama. Mama akasema mke hamtangulii wifi yake, hata angekuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Mwingine akasema Spes aanze kwa kuwa shughuli ni yake na mtoto ni wake. Spes akasema ana maumivu, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini alikuwa hajalikumbuka mpaka dakika ile. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na zote zilikuwa za heshima. Ukweli ambao hakuna aliyeusema pale jikoni ni kwamba tulikuwa tunaogopa. Anayeanza anasikika peke yake, hana sauti ya kujificha nyuma yake.

Na mimi, je? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, usichana umenipamba, na nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Nilikuwa najua kuanza. Wakati wa kiangazi mimi na Kabula tulikuwa tunakaa muda mrefu kwenye kisima cha bondeni, tukingoja maji yajikusanye, na hakuna cha kufanya ila kupiga soga. Kabula alikuwa amesikia akazehe yetu kupitia kwenye minyaa tangu utotoni, akaomba nimfundishe. Nikamfundisha kupokea. Sasa yeye akipokea, nani ataanza? Ikabidi nianze mimi. Niliigiza sauti ya shangazi, kwanza kwa kejeli, nikichezesha shingo kama yeye, Kabula anacheka mpaka anakaa chini. Polepole kejeli ikaisha ikabaki salamu. Hatukumwambia mtu. Kwetu ile ingekuwa utovu wa adabu mara mbili, kuanza bila kuwa mkubwa, na kumpa mtu asiye wa kwetu.

Kabula alikuwa amemfuata mama yake uani siku ile. Akaja nyuma yangu akaninong'oneza nianze, kama kisimani. Nikamwambia haiwezekani, mtoto haanzi. Akanishangaa kwelikweli.

"Mbona shikamoo mnaanza nyie watoto?" aliniuliza. "Kwani shangazi yako ukimpa shikamoo anakasirika?"

Tangu tufike nchi hii tulikuwa tunampa shangazi shikamoo, naye anaitikia marahaba, na hakuna siku alisema tumemzika. Kwao Kabula pia, kwa Kisukuma, mdogo ndiye anayemtangulia mkubwa kwa salamu, tena kwa kupiga goti. Nilikuwa nimeishi na adabu zote mbili ndani ya nyumba moja miaka yote, na sikuwahi kuziweka pamoja. Nikafungua midomo. Mama akaniona kutoka jikoni, akanipa jicho, na wewe unamjua mama yangu kwa picha tu, lakini hata kwenye picha lile jicho linaonekana. Nikafunga midomo.

Jua likaanza kuinama. Shangazi alikuwa na kivuko cha kuwahi. Akasimama, akaingia ndani, akamgusa mtoto kwenye paji la uso, akatoka na kikapu chake. Hakumlaumu mtu. Afadhali angetulaumu. Mama alianza kulia bila kuficha, kwa sababu mgeni kuondoka bila kusalimiwa na bila kuonja kitu ni aibu ambayo kwetu inasimuliwa mpaka kwa wajukuu, na tazama, ninaisimulia. Baba aliyekuwa amejificha nyuma ya nyumba wakati wote alitoka akaniambia nimsindikize shangazi yangu mpaka Kigongo.

Ndani ya basi alikaa dirishani akiangalia nje. Tulipopita Usagara ndipo alipozungumza, akasema mama yangu anajua kupika maharage, amesikia harufu yake tu lakini amejua. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwomba nimnunulie kitu cha kula tukifika. Akasema hapana.

Kigongo ilikuwa na watu kama kawaida yake. Malori ya pamba yamepanga foleni, akina mama wanakaanga sato kwenye makarai makubwa, kivuko kimeshafika kutoka ng'ambo na kinateremsha abiria. Shangazi aliniaga kwa kunishika bega, akanipa salamu za kumpelekea baba, akaanza kuteremka kwenda majini. Nikauona mgongo wake. Ulikuwa umepinda, mwanangu, na mimi sikuwahi kuuona umepinda kwa sababu siku zote nilikuwa namwona akija, simwoni akienda. Niliogopa kuliko nilivyoogopa jicho la mama. Niliona kabisa kwamba yule mtu anaweza kuondoka hivyo na asirudi, na kwamba mimi ninacho alichokuja kukitafuta na ninarudi nacho nyumbani.

Nilimwita. Aligeuka. Nikamfuata mpaka kwenye mchanga wenye maji, nikamshika mikono juu ya viwiko, nikaanza.

Sauti ilinitoka mbaya. Ilipasuka mwanzoni kama ya jogoo mdogo. Nilijua anayeanza anapaswa kuuliza habari za ng'ombe na za kilima, lakini mimi ng'ombe wa kwetu sikuwajua, nikauliza nilivyovijua. Nilimuuliza habari za Busisi. Nilimuuliza habari za mihogo yake, za goti lake linalouma, za kivuko. Nikamtajia mtoto wa Spes. Nikamtajia mawe ya baba. Na katika kila pengo niliacha nafasi yake, na katika kila pengo hapakuwa na kitu. Hakupokea. Salamu ile ikiimbwa na mtu mmoja inasikika kama kigugumizi, na watu walianza kutugeukia. Mama mmoja aliacha samaki wake wakaungua. Nikasema moyoni, nimemkosea kabisa, na nikaendelea tu kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Kisha akaingia. Aliingia vibaya. Sauti yake ilikuja mahali pangu badala ya mahali pake, tukagongana, tukanyamaza wote wawili. Nikaanza tena, akagongana nami tena. Nilimtazama usoni, na ndipo nilipoelewa kwamba hakunikasirikia. Alikuwa amesahau kupokea. Mtu aliyetufundisha wote kupokea alikuwa ameanza miaka mingi mno, mpaka sehemu yake ya pili imempotea. Akacheka kicheko kifupi cha aibu, kicheko cha msichana, na machozi yakaja juu yake. Kijana mmoja wa kivuko akatuambia kwamba kama tunagombana tukagombanie ng'ambo. Nikaanza mara nyingine, polepole, kama nilivyomwanzia Kabula mwaka wa kwanza, na safari hii sauti yake ikapata mlango ikaingia, na ikakaa. Tukaimba mpaka mwisho. Sijui watu waliona nini. Mimi nilimwona yeye tu.

Tulipomaliza hakuniachia mikono. Alisema maneno ambayo nimeishi nayo tangu siku ile.

"Tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyewahi kunianzia. Naanza mimi, naanza mimi. Nikifika kwenu sijui kama mmefurahi kuniona au mnanijibu tu. Mmeniheshimu mpaka mmeniacha peke yangu."

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Nilidhani alikuja kutukaripia kwa ajili ya salamu, isipotee, na kweli alikuja kwa hilo. Lakini chini ya karipio alikuwa ni mtu aliyetamani kusalimiwa. Sisi tulimwona kama stoo ya mambo ya zamani, tunachota tunakwenda zetu. Hakuna aliyejiuliza yeye anachotewa na nani.

Basi, baada ya hapo akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaangalia makarai ya samaki, akasema sasa nimlishe. Alikula sato mzima akiwa amesimama pale pale, kwa mikono miwili, bila aibu yoyote, kwa kuwa alikuwa ameshasalimiwa. Alipanda kivuko akiwa bado anatafuna kichwa. Nilisimama mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine.

Nyumbani mama alinipokea vibaya. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, kama kawaida ya habari za mji huu. Aliniuliza kama nimeshamzika shangazi yangu au bado. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho alikaa chini kwenye kizingiti, halafu akaniambia nile kabla chakula hakijapoa. Mama hakuwa mtu wa kusema amebadilisha mawazo. Lakini shangazi alipokuja safari iliyofuata, mama hakumngoja uani. Alitoka nje ya ua, akamfuata mpaka barabara ya Musoma, na akaanza kuimba akiwa bado yuko mbali, kwa sauti nyembamba inayotetemeka, anauliza habari za maharage badala ya ng'ombe. Shangazi alipokea vizuri kabisa. Nadhani alikuwa amefanya mazoezi.

Aliishi miaka mingine mingi, na akawa mroho wa ile salamu. Akawa anakuja bila taarifa, anasimama nje ya minyaa, haingii mpaka mtu mmoja amwanzie, tena anachagua, leo Spes, kesho Mama Jeremia, kesho kutwa mtoto wa darasa la pili. Alitukosoa pale tulipokosea. Kabula alipojitokeza siku moja akaanza yeye, Msukuma wa watu, wanawake wa kwetu walinuna. Shangazi alimpokea mpaka mwisho, kisha akasema huyu naye sasa ni wa kwetu, atakayenuna akanunie kwake. Alipofariki tulilia sana, na hatukulilia salamu. Tulimlilia yeye.

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu nakuona. Nawaona nyote. Sasa sisi ni raia, tuna vitambulisho, mmeoa kwa Wahaya na kuolewa kwa Wajita, na mimi nafurahi, sikuvuka mto ule ili wajukuu wangu waishi kwa kujificha. Nawaona pia mnavyojitahidi. Mmenirekodi kwa simu mpaka sura yangu imechoka, mmewatumia ndugu zetu waliorudi Burundi na wale waliochukuliwa na ndege wakapewa makazi Marekani. Kwenye sherehe mnanikalisha mbele, mnanifunika kitenge kipya, mnanyamaza kwa adabu, mnaniambia, bibi, anza. Mnapokea vizuri, sikatai. Kisha mnarudi mezani kwenu.

Nasaha yangu ni hii. Usingoje mkubwa wako afe ndipo ushike nafasi yake. Ishike akiwa bado hai, akiwepo wa kukukosoa na wa kukucheka. Jambo la asili yako, liwe salamu, liwe upishi, iwe hadithi ya ukoo, usikubali kubaki upande wa kujibu peke yake, kwa sababu siku wauliza maswali wakiisha, majibu yako yote hayatakusaidia. Ukianza utaanza vibaya, mimi nilianza kama jogoo. Usipolijua jina la kilima, taja Igoma. Usipokuwa na ng'ombe, taja ulicho nacho. Akija rafiki wa kabila lingine akataka kujifunza, mfundishe, maana mimi ningemkosa Kabula ningekosa yote. Na unapomheshimu mzee, heshima hiyo isiwe ya kumweka mbali. Mzee naye anatamani kujua kama umefurahi kumwona.

Nitasema na langu, kwa kuwa sina muda wa kuzunguka. Mama yangu alikuwa wa mwisho kunianzia. Tangu azikwe, kila ninapoingia kwenye nyumba yenu mnasimama vizuri, mnanishika mikono, mnaningoja. Nimechoka kungojwa.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe afya, akupe nyumba isiyokimbiwa na mtu, akupe watoto watakaokuzika wewe na si wewe kuwazika. Akikufikisha umri wangu, ukawa ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo, akupe na mtoto mmoja aliyepungukiwa adabu kidogo, akuone ungali mbali barabarani, asikungoje.